Kimya cha Ngazi za Kwao

Mlango ulifunguliwa kabla hatujabisha, na aliyeufungua ni mtu niliyeahidiwa kwamba hatakuwepo.

"Karibuni," alisema mama wa kijana tuliyekuja naye. "Mbona mmeganda? Si mliomba nyumba? Nyumba ndiyo hii."

Alikuwa na gauni la nyumbani na ndala miguuni, lakini saa yake ya kazini, ile ya wauguzi inayoning'inia, ilikuwa bado imebanwa kifuani. Akatueleza, bila kuulizwa, kwamba amebadilishana zamu na mwenzake wa wodini ili aone kwa macho yake hicho kitu ambacho mwanawe amekiachia masomo ya famasia. Mwanawe mwenyewe alikuwa nyuma yangu, stendi ya kamera begani. Nilipogeuka aliniangalia mara moja tu, jicho la kuomba nimsitiri, kisha akaangalia pembeni.

Nikamsitiri. Nikamwamkia mama, nikasema mimi ni wa sauti, nikaingia ndani na begi langu.

Nieleze mapema, maana kuzunguka mbuyu sikujaliwa. Yule kijana darasa zima tunamwita Dairekta. Mimi wananiita Masikio. Tulipendana tangu muhula wa kwanza chuoni, yeye akiwa bado anasoma famasia. Kwetu alikuwa anaingia kama mtoto wa nyumbani. Mama yangu anamwekea chakula, wadogo zangu wanamwita shemeji na yeye anaitika bila haya. Lakini kwao sikuwahi kukanyaga. Kwao nilikuwa sauti ya kwenye simu, inayokatwa kila mama mtu anapoingia sebuleni. Na kibaya zaidi, mama mtu alikuwa ameshaamini kwamba mwenye sauti hiyo ndiye aliyemtoa mwanawe famasia akampeleka kukimbizana na kamera. Mwanawe alijua si kweli. Mimi ndiye niliyemsihi amalize kwanza. Lakini alimwacha mama yake aamini hivyo, kwa sababu kumlaumu msichana asiyeonekana ni rahisi kuliko kumlaumu mtoto uliyemzaa.

Siku chache kabla ya hapo mama yangu aliniita jikoni akafunga mlango. Alipofunga mlango nikajua mambo si mambo.

"Mwanangu," aliniambia, "mwanamume anayekula kwenu na kukuficha kwao, hajakuchagua. Anakupitishia muda tu. Filamu yenu ikiisha na bado hawakujui, asikanyage hapa tena."

Nilimtetea, nikamtetea, mpaka nikajisikia mwenyewe ninavyomtetea. Mtu anayetetewa kiasi kile ana kesi kweli.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kumalizia muhula: dakika chache za kufungulia filamu ya taharuki. Mtu anarudi nyumbani mchana, anakuta mlango uko wazi. Anapanda ngazi. Juu anasikia maji yanatiririka bafuni, na nyumba hiyo anaishi peke yake. Basi, hakuna neno linalosemwa. Mwalimu alitupa sharti moja tu, kwamba hataki kuiona tena stoo ya chuo. Kila mwaka kila kundi linaua mtu kwenye stoo ile, alisema, na sasa hata panya wa mle ndani wameshazoea kuigiza.

Tukazunguka mji kutafuta mahali. Tulipata karakana ya seremala iliyofungwa, kuta zake zimechakaa vizuri, lakini nilipovaa hedifoni nikamsikia jirani anakata vyuma, na siku nzima hanyamazi. Mrefu, mpiga picha wetu, akasema kelele tutaziondoa baadaye. Nikamwambia aanze kuondoa za kwake. Tukaenda kwenye jengo lisilokwisha. Ngazi nzuri sana, ila mwangwi wake ungemfanya hata paka asikike ana kishindo, na mlinzi alitukubalia kwa sharti kwamba mwigizaji mkuu awe yeye. Tukaenda kwenye nyumba ya kupanga ya binamu yake Mrefu. Kule ngazi zilikuwa nyembamba kiasi kwamba kamera ikipita, mtu hapiti. Kutafuta mahali pa kupigia filamu ni kama kutafuta mchumba: mwenye sura hana tabia, mwenye tabia ana ndugu wakorofi.

Ndipo nikasema, makusudi kabisa, mbele ya Mrefu, "Na kwenu je? Si ulinisimulia zile ngazi za mbao, na dirisha la juu linalomwaga mwanga ukutani?"

Akasema haiwezekani. Nikamuuliza kwa nini. Akasema mama. Nikamwambia vizuri, mama ndiye hasa ninayemtaka. Tuligombana pale pale barabarani mpaka muuza magazeti akapunguza redio yake asikilize vizuri. Mwisho akakubali nusunusu: tupige mama akiwa kazini, na akirudi atukute tunafunga vifaa, watu wametulia, ndipo anitambulishe. Nikamwambia, "Siku hiyo usiponitaja kwa mama yako kama ulivyojitaja kwa mama yangu, usinitafute." Akaapa. Aliapa vizuri sana, mpaka Mrefu akasema angekuwa na kamera mkononi angekirekodi kiapo hicho.

Sasa mama alikuwa nyumbani tangu asubuhi, na kile kiapo kilikuwa kimeanza kumkauka mdomoni.

Kilichonitesa zaidi ni kwamba nilimpenda yule mama. Alinipisha meza ya jikoni niweke mitambo yangu, akaifuta kwanza. Akauliza kila waya unafanya nini, na akasikiliza jibu. Nilipomwomba tuzime friji kwa sababu inanguruma, sikuhitaji kueleza mara mbili. Alisema hata wao wodini, ukitaka kusikiliza kifua cha mgonjwa, kwanza unanyamazisha chumba kizima, hata daktari mkubwa. Akanimiminia chai.

"Kazi yako wewe naielewa," aliniambia. "Huyo dairekta wenu ndiye simwelewi. Alikuwa na akili za kutosha. Kuna msichana kamvuruga. Simjui, namsikia tu kwenye simu akicheka. Nimemlea yule mtoto peke yangu tangu baba yake alipofariki, halafu mtu anakuja kumgeuza kama chapati."

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Mdomo wangu, ambao kwetu unasifika kwa kutolala njaa, haukutoa kitu. Sebuleni nilimwona Dairekta akijifanya anapima mwanga ukutani. Alikuwa amesikia kila neno, na mgongo wake ulikuwa umekakamaa.

Mara simu ikaita: mwigizaji wetu, homa imemlaza. Dairekta akasema ataigiza mwenyewe, maana umbo lao ni moja na sura haitaonekana sana. Lakini pumzi lazima isikike. Filamu nzima ilitegemea pumzi ya mtu anayepanda ngazi kwa hofu, kwa hiyo maiki ndogo isiyo na waya ilibidi ibandikwe kifuani, chini ya shati. Gundi ya utepe wangu ilikuwa imekwisha nguvu kwa joto. Mama akaingia chumbani akarudi na plasta ya hospitali. Akasema ile haibanduki hata kwa jasho la uchungu wa uzazi, akanikabidhi kipande.

Nilimfungua vifungo viwili vya juu. Nikaweka maiki mahali pake, nikabandika plasta, nikaikandamiza kwa kiganja nikasubiri ishike. Moyo wake ulikuwa unagonga mkononi mwangu. Alikuwa ameacha kupumua.

"Pumua," nilimnong'oneza.

"Nitamwambia," naye akanong'ona. "Subiri kidogo. Leo ana hasira."

Subiri. Ingekuwa neno hilo ni tofali, ningekuwa nimeshajenga. Nilitoa kiganja, nikamfunga vifungo. Nilipoinua macho, mama alikuwa mlangoni mwa jikoni na roli la plasta mkononi, na hakuwa anamtazama mwanawe. Alikuwa anatazama mkono wangu. Mtu aliyezeekea wodini anaujua mkono wa mgeni, na anaujua mkono uliozoea.

Tukapiga. Na niseme kweli, ile nyumba ilikuwa imezaliwa kwa ajili ya filamu yetu. Mlango ulifunguka kwa mlio mdogo wa bawaba. Mrefu alipanda ngazi kinyumenyume, kamera usoni, mimi nimechuchumaa chini nyuma ya kabati na hedifoni masikioni. Dairekta akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, mbao ikalia. Akasimama. Akapanda tena. Mwanga wa dirisha ulikata ukuta upande upande, na kivuli chake kikatangulia mbele yake kama mtu mwingine aliyefika kabla. Pumzi yake iliingia masikioni mwangu fupifupi, ya mtu anayejua kwamba juu kuna kitu. Nywele zilinisimama. Sikujua kama anaigiza au ndiyo hali yake halisi siku ile.

Tulirudia, tukarudia, tukahama pembe, tukapiga miguu peke yake, mkono kwenye kishikio peke yake. Mrefu aliposema ameridhika, mama, ambaye alikuwa ameshapanda chumbani kwake, akaita kutoka juu.

"Dairekta. Njoo mara moja."

Alimwita vile kwa mara ya kwanza, na haikuwa kwa utani. Akapanda. Mlango wa chumba cha mama ukafungwa.

Katika kazi yetu, mwenye maiki akitoka mbele ya kamera, fundi wa sauti anaizima. Ni adabu. Yeye hakumbuki kwamba anayo, wewe unakumbuka kwa niaba yake. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Sikubonyeza. Anayetaka kunihukumu anihukumu, lakini kwanza akae mwaka mzima akisubiri kutajwa.

"Yule msichana ni nani?" Sauti ya mama iliingia safi kabisa.

"Yupi, mama?"

"Kwani leo nyumba hii ina wasichana wangapi?"

Kitambaa kilisugua maiki. Alikuwa anajikuna shingo, nilimjua.

"Ni wa sauti. Tunasoma pamoja."

"Kazi yake ameshaniambia mwenyewe. Nimekuuliza ni nani."

"Ni fundi tu, mama."

"Ndiye yule wa kwenye simu?"

Nikafumba macho. Sema, nilimwambia moyoni. Sema sasa, mimi nipo hapa chini, nitapanda hizo ngazi mwenyewe nije nisimame karibu yako. Ile pumzi niliyoifuata asubuhi nzima ikakatika.

"Hapana," alisema.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mama alisema taratibu. "Mimi nimewapokea wengi waliosema hakuna kinachouma. Nakuuliza mara ya mwisho."

"Hapana, mama. Yule hayupo hapa."

Kilichoniuma si hilo neno fundi. Ufundi ni kazi yangu na naipenda. Kilichoniuma ni namna alivyolisema, kwa wepesi, kama mtu anayelipa nauli. Machozi yalikuja, nikayameza, kwa sababu siwezi kulia na hedifoni masikioni, nikajisikia mara mbili. Mrefu aliniuliza kama kuna tatizo kwenye mashine. Nikamwambia hakuna, sauti iko safi kuliko siku zote.

Nikaamua. Nitamaliza kazi iliyonileta, nitamshukuru mama kwa chai, nitaenda nyumbani nimwambie mama yangu kwamba alisema kweli. Na huyu nisimwone tena nje ya darasa. Ilikuwa imebaki kitu kimoja tu.

Kila mahali tunapopigia, kabla ya kufunga vifaa, lazima turekodi kimya cha pale. Watu wote wanasimama walipo, hakuna kusogea, hakuna kukohoa, na mimi narekodi nyumba peke yake. Kwa sikio la kawaida kimya ni kimya, lakini kila nyumba ina cha kwake, na bila hicho picha zikiunganishwa zinabaki na mashimo ya sauti. Aliyekuwa mkali wa jambo hilo kuliko hata mimi ni Dairekta mwenyewe. Aliwahi kumtoa nje Mrefu kwa sababu tumbo lake lilinguruma.

Wakashuka. Yaani yeye alishuka hadi katikati ya ngazi, mama akabaki juu kabisa, mkono kwenye kishikio. Nikawaeleza, nikamwomba mama asisogee. Dairekta akapeleka mkono kifuani abandue plasta.

"Iache," nilimwambia. "Iko wazi tangu nilipokuwekea. Sijaizima hata mara moja."

Nilisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwambia mtu kamba ya kiatu imefunguka. Akautazama mlango wa chumba cha mama. Akatazama hedifoni zangu. Rangi ikamtoka usoni.

"Kimya," nikasema. "Narekodi."

Nyumba ikanyamaza. Mrefu alisimama mlangoni akiwa amekumbatia kamera. Mama alitazama chini, kwangu, bila kupepesa. Na Dairekta, pale katikati, alinitazama mimi. Siku zote nilizowahi kumpenda zilikuwa kwenye macho yale, na hasira yangu ilikuwa inazitazama zote. Sikukwepa. Nilitaka aone kwamba nimesikia, na aone kwamba ninaondoka. Akanitikisia kichwa kidogo, kuomba. Mimi sikutikisa chochote. Namba za mashine zilikuwa zinakwenda. Nilijua kwamba kimya kile kikiisha na sisi tumeisha, na naye akajua.

"Mama," akasema.

Mrefu alitoa macho. Mtu huyu huyu aliyefukuza watu kwa kunguruma tumbo.

"Nimekudanganya. Wa kwenye simu ndiye huyu." Sauti yake ilitetemeka, na alikuwa hajageuka, bado ananitazama mimi. Kisha akageuka akamwangalia mama yake. "Na famasia sikutolewa na mtu. Nilitoka mwenyewe. Yeye alinisihi nimalize. Nilikuacha umchukie yeye kwa sababu niliogopa utanichukia mimi."

Mama alianza kushuka, ngazi moja moja, mbao zinalia. Alipomfikia mwanawe alimpita kama anavyopitwa mtu kwenye foleni. Akaja akasimama mbele yangu. Kwa karibu alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani.

"Ulikuwa unanijua tangu mlangoni?"

"Ndiyo, mama."

"Ukakaa jikoni kwangu, nikakusema, ukanyamaza."

"Nilikuwa namsubiri aseme yeye."

"Na asingesema?"

"Ningekushukuru kwa chai nikaondoka. Nisingerudi."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nimelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, lakini siku ile macho yalikataa. Nilikuwa nimechoka kufichwa, hata na kope zangu mwenyewe. Sijui alichokiona. Mkono wake ulipanda kwenye saa ya kifuani, kama anataka kunipima mapigo, kisha ukashuka.

"Hicho kimya chenu," akasema, "kimeharibika?"

"Kimeharibika, mama."

"Kinarudiwa?"

"Kinarudiwa."

"Basi rudieni. Nyumba yangu haiwezi kuonekana kwenye filamu mbovu. Nitasimama hapa, sitasogea. Mkimaliza, mimi na wewe tutaingia jikoni, tutafunga mlango, na utaniambia wewe ni nani kwa mdomo wako." Akamwonyesha mwanawe kwa kidevu, bila kugeuka. "Huyu atabaki hapo hapo kwenye ngazi. Wewe amekusubirisha, mimi amenidanganya. Leo atasubiri yeye."

Dairekta akafungua mdomo. Mama akainua kidole kimoja tu, na mdomo ukafungika.

Nikarudisha hedifoni masikioni. Nikasema kimya, narekodi, nikabonyeza. Nyumba nzima ikatulia, na chini ya plasta ya mama yake nikausikia moyo wake ukienda mbio kama wa mtu anayefukuzwa. Nilimpenda, na sikumhurumia hata kidogo.